Mishono Inayolalia Kushoto

Jumamosi, 7 Machi

Mvua ya kwanza imeanza leo saa nne asubuhi, nami nimeanza daftari hili kwa amri. Binti anayenifanyisha mazoezi pale kliniki anataka niandike kila siku, hata mstari mmoja, kwa mkono uleule wa kulia uliopigwa na kiharusi mwezi wa kumi na moja. "Usiandike vizuri, baba. Andika tu." Miaka thelathini na moja nimefundisha watu kuendesha gari, na sijawahi kumwambia mwanafunzi asiendeshe vizuri, aendeshe tu. Lakini mgonjwa hachagui dawa. Mpaka hapa nimetumia nusu saa na mkono unatetemeka.

Jumapili, 8 Machi

Nimeandika.

Jumanne, 10 Machi

Tulianza na vibanio vya nguo, tukaja kuokota maharage moja moja, na leo yule binti kanikabidhi sindano. Ni sindano butu yenye tundu kubwa, na kitambaa kilichofumwa kwa vitundu vilivyopangwa sawasawa. Picha ya kufuata ni tawi lenye majani saba. Kila mshono ni msalaba mdogo: mstari mmoja chini, mwingine juu yake. Akasema pia kuna watu hukutana Jumamosi nyuma ya duka la vitambaa, wanadarizi kwa kupenda tu, niende nikakae nao. Nikamwambia mimi si wa kukaa na wanawake na nyuzi. "Umejuaje kama ni wanawake watupu?" akasema. Aliujua udhaifu wangu. Mtu akiniwekea jambo nisilolijua, silali.

Niandike na hili, maana ndilo linaloniumiza. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye mwenzangu katika shule ya udereva. Amenishikia nafasi mpaka mvua ziishe. Zikiisha sina cheti cha daktari wa leseni, yule anayewapima madereva, atamweka mwalimu mwingine kwenye gari langu. Hakusema kwa ubaya. Mwanafunzi akielekea ukutani, anayekaa kando yake lazima aweze kudaka usukani, na mkono wangu kwa sasa haudaki hata kikombe.

Jumamosi, 14 Machi

Nimekwenda. Naandika kwa vipande tangu saa nane mchana, napumzika, narudi.

Chumba cha nyuma kina meza moja ndefu, viti saba visivyofanana, na dirisha linalovuja, wameliwekea ndoo. Nilikuta watu wanne, wote wanawake, kwa hiyo yule binti alinichezea. Nilitaka kugeuza, lakini mwenye duka aliniwahi. Ni mama mnene mwenye miwani inayoning'inia kifuani, na wote wanamwita Shangazi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Toa kazi yako, baba, uilaze kifudifudi."

Kumbe hapo hujitambulishi kwa jina wala kwa uzuri wa kazi. Unalaza kitambaa mezani mgongo juu, wenzako wanautazama, halafu ndipo unasema wewe ni nani. "Mbele kila mtu anapamba," Shangazi alinieleza. "Nyuma ndiko tunakofahamiana." Ili nisione haya, walianza wao.

Shangazi alianza kudarizi akiwa na miaka hamsini, kwenye benchi la hospitali, akimsubiri mumewe atoke kwenye upasuaji. Mama mmoja aliyekaa naye alimpa sindano na uzi kwa sababu alikuwa anamkera kwa kutikisa mguu. Mume alipona, na yule mama hakumwona tena. Nyuma ya kazi yake nyuzi zinaruka mbali mbali, za mtu asiyependa kukata.

Dada mrefu anayechekea puani ni daktari wa meno. Anashona majani tu. Si ua, si ndege. "Kutwa nzima natazama vinywa," alisema. "Jani halina mdomo." Mgongo wa kazi yake ni safi kama mbele, hata nikamwogopa kidogo.

Mama Pacha ana foronya moja anayoishona huu mwaka wa sita, maana hushona pale tu pacha wote wawili wanapolala kwa pamoja. Nyuma kuna doa la maziwa. "Hilo ni la mwaka wa pili," alisema, akilipapasa kwa kidole.

Wa mwisho ni karani wa mahakama, mwembamba, maneno yake machache. Huhesabu kila kitundu kabla ya kuchoma sindano. Mwaka juzi alifumua ua zima kwa sababu lilikuwa limesogea kitundu kimoja. "Wala hakuna aliyeona," Daktari alisema. "Mimi niliona," Karani akajibu.

Ikawa zamu yangu. Mishono mitatu, mafundo manne. Wakatazama, nikauliza wanaona nini. "Mtu anayeuvuta uzi kana kwamba umemkosea," alisema Karani. Nilicheka kabla sijaamua kama nimeudhika. Nikawaambia habari ya kiharusi, gari na shemeji, yote, jambo ambalo sikukusudia.

Sheria yao ni moja tu: hugusi kazi ya mwenzako wala kuisahihisha mpaka akuombe. Mimi riziki yangu ni kusahihisha watu, kwa hiyo nikauliza maswali badala yake. Nani alikufundisha? Kwa nini kijani hiki na si kile? Uzi ukiisha katikati ya jani unafanyaje? Mwishowe Shangazi akasema, "Baba, umekuja kushona au umetumwa na gazeti?"

Jumatatu, 16 Machi

Mishono mitano. Imekaa kama watu waliogombana wakalazimishwa kupiga picha.

Jumanne, 17 Machi

Mvua kutwa. Nimejichoma kidole mara tatu, uzi ukafunga fundo, nikautafuna kwa meno, kisha nikakitupa kitambaa ukutani pamoja na duara la mbao linalokikaza. Mke wangu alikuwa anapanga nguo. Aliokota, akakipangusa, akakiweka kwenye kikapu.

"Kitupe," nikamwambia.

"Utakitaka kesho," akasema.

"We unajua nini kuhusu kushona?"

Akarudi kwenye nguo zake. Na kweli, katika miaka thelathini na minne ya ndoa hajanishonea hata kifungo. Vifungo vyangu vyote huenda kwa fundi wa kona. Nilikwenda kliniki nimenuna.

Jumatano, 18 Machi

Nimekitaka, kama alivyosema.

Jumanne, 24 Machi

Jambo la ajabu. Jana jioni nilishona mishono sita, nikaona aibu kuitazama. Leo nimerudi kutoka kliniki, nikavaa miwani, nikaitazama tena: si mibaya hata kidogo. Nadhani mshono unahitaji kupumzika kama unga uliokandwa.

Jumamosi, 28 Machi

Niliweka kazi mezani, kifudifudi, kifua mbele. Wakaitazama muda mrefu kuliko kawaida. Daktari alimtazama Shangazi, Shangazi akatazama ndoo. "Imebadilika," alisema Karani, basi. Nikawaeleza nadharia yangu ya mshono kupumzika. Mama Pacha akapaliwa na chai.

Leo nimejua kwamba Daktari alipokuwa mwanafunzi alijifunzia mishono ya fizi kwenye ganda la chungwa, ndipo akaanza kupenda sindano. Hayo ndiyo mambo ninayotaka kuyajua katika dunia hii.

Alhamisi, 2 Aprili

Jani la pili limekwisha. Mvua imeng'oa bomba la paa la jirani.

Jumanne, 7 Aprili

Binti wa kliniki anashangaa. Mbele yake vibanio vinaniponyoka bado, lakini kazi ya nyumbani anasema ni ya mtu mwingine kabisa. "Labda hapa unaniogopa, baba." Nikamwambia mimi nimekaa kando ya watu waliodhani breki ni mafuta, siogopi mtu.

Jumamosi, 11 Aprili

Karani ameniuliza kama nashona asubuhi au jioni. Nikamwambia jioni. Akaniuliza mke wangu hufanya nini jioni. Nikamwambia hunitazama. Akaandika kitu kichwani mwake, nilimwona.

Ijumaa, 17 Aprili

Hakuna.

Alhamisi, 23 Aprili

Siku njema. Jani la nne limekwisha, na yule binti amelipiga picha, mbele na nyuma, akaziingiza kwenye faili langu. Ameandika kwamba sina haja ya kungoja mpaka mvua ziishe mwezi Juni. Nitapimwa na daktari wa leseni tarehe 13 Mei. Nilimpigia shemeji simu nikiwa bado ngazini. Alifurahi kweli, nilimsikia. Nimemwambia mke wangu tutakwenda wote. Akasema, "Mapema hivyo?" Nikamwuliza kama hafurahi. Akasema amefurahi, akaenda kuanua nguo ambazo mvua ilikuwa imeshazilowesha tangu asubuhi.

Jumamosi, 2 Mei

Mkono umechoka lakini leo siuhurumii.

Niliwatangazia ile tarehe ya kumi na tatu. Nilitegemea vigelegele. Shangazi akavua miwani. Karani akaweka sindano yake chini, kitu ambacho sijamwona akifanya katikati ya mstari, akasema, "Mwalimu, naomba ruhusa kuhusu kazi yako."

Nikampa. Nilidhani ataisifu.

Akaigeuza mbele, akanikabidhi kioo cha kukuzia. "Tazama mishono yako ya kwanza. Mstari wa juu wa msalaba unalalia wapi?"

"Kulia."

"Na hapa kwenye jani?"

Nikatazama jani la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Yote kushoto. Mamia ya misalaba, yote imelalia kushoto.

"Ndiyo nini?" nikasema.

"Hakuna anayebadilisha hilo bila kujua," Daktari alisema taratibu. "Mguu unaotangulia unapovaa suruali, ni uleule miaka yote. Mshono nao hivyo hivyo."

Nikasema ni uongo. Nikachukua sindano nishone mbele yao. Mishono minne ilinichukua karibu robo saa, na hapakuwa na sauti ila maji yakidondoka kwenye ndoo. Ilitoka imepinda, imevutwa mno, na yote minne imelalia kulia. Niliitazama kando ya majani yale mazuri, uso ukaniwaka moto.

"Mlijua tangu lini?"

"Tangu ile Jumamosi ya tatu," alisema Shangazi. "Lakini sheria unaijua. Na ulikuwa na furaha, baba."

"Kwa nini leo, basi?"

"Ingekuwa sindano tu, ningenyamaza mpaka kaburini," alisema Karani. "Lakini mtoto wa dada yangu amejiandikisha shuleni kwenu. Anaanza mwezi wa sita. Hajawahi kushika usukani."

Sikuaga. Nilirudi kwa miguu kwenye mvua, mwavuli umefungwa, maana siwezi kuufungua kwa mkono ule na sikutaka kumwomba mtu.

Jumapili, 3 Mei

Kikulacho ki nguoni mwako. Sijamsemesha mke wangu.

Jumatatu, 4 Mei

Sijamsemesha. Naye hajauliza kwa nini, ndiyo maana najua anajua.

Jumanne, 5 Mei

Sikwenda kliniki. Niliaga, nikazunguka nyumba, nikarudi kwa mlango wa jikoni baada ya dakika ishirini. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha dirishani, kitambaa changu mkononi. Hakuwa anahesabu. Hakuwa hata anatazama sana. Sindano ilikuwa inaingia na kutoka kama mtu anayepumua. Nilikuwa nimejiandaa kufoka, nikajikuta nimesimama tu natazama. Sijawahi kuona mikono yake ikifanya kitu kwa namna ile.

Aliponiona hakushtuka. Alimalizia mshono, akakata uzi.

"Ulifundishwa wapi?" nikauliza. Nilikuwa na maneno makali tayari, lakini ndilo swali lililotoka.

"Kwa mama mdogo. Kabla hujanioa nilikuwa nadarizi mashuka ya duka, miaka minne. Walikuwa wananipa yale ya maharusi, hawakumpa mtu mwingine."

"Na mimi sikujua?"

"Mwezi wa kwanza wa ndoa uliikalia sindano yangu. Ukasema nyumba hii nichague, wewe au sindano."

"Nilikuwa natania, mama."

"Ulikuwa unatoka damu. Sikujua bado ukitania unakuwaje." Akakunja kitambaa. "Nikalifungia sanduku. Nilingoja uniulize liko wapi. Baadaye nikaacha kungoja."

Sikumbuki. Nimekaa nikatafuta kichwani, na naapa sikumbuki, na hilo ndilo baya zaidi. Majuma saba nimewauliza wanawake wanne kila kitu kuhusu sindano zao mpaka wakanicheka, na huyu nimeishi naye miaka thelathini na minne nikampelekea fundi wa kona vifungo.

Nikamwuliza kwa nini alinifanyia hivi. Akasema ile siku niliyokitupa ukutani aliniona nimekata tamaa, akaona arekebishe mishono miwili tu nipate nguvu. Nilivyorudi nikafurahi, akashindwa kuacha. "Halafu," akasema, "nisikudanganye. Nilikuwa na hamu ya uzi."

Alhamisi, 7 Mei

Nimemwuliza nifanye nini tarehe kumi na tatu, kwa kuwa picha ziko kwenye faili. Alifikiri mpaka chai ikapoa. "Mkono ule ni wangu," akasema, "lakini gari ni lako. Amua wewe."

Jumamosi, 9 Mei

Nimerudi kwa Shangazi. Sikufumua majani ya mke wangu. Nimeanza la tano kwa mkono wangu mwenyewe, na ni baya. Karani alinisogezea kiti bila kunitazama. Nikawasimulia habari ya mashuka ya maharusi, Daktari akaomba kuishika tena ile kazi, wakaizungusha meza nzima wakinong'ona. "Mlete," Shangazi akasema. Nilipomwambia mke wangu, alisema, "Mimi? Nikaseme nini huko?" Lakini aliuliza meza ina mwanga wa kutosha.

Jumanne, 12 Mei

Vifungo vinne vya shati kwa dakika sita. Kesho.

Jumatano, 13 Mei

Mvua imepungua, manyunyu tu. Mke wangu alibaki kwenye benchi la korido, mwavuli mapajani.

Daktari wa leseni ni mtu mzima mwenzangu, mpole, mezani pake pana mafaili mengi. Alifungua langu, akakuta picha. Akazitazama, akazisogeza dirishani, akaita muuguzi aje aone. Kisha akavuta fomu na kusema, "Mzee wangu, sina haja ya kukusumbua. Mkono ulioshona hivi ni imara kuliko wangu. Mimi huu mshono siuwezi, na nimeshona watu miaka ishirini."

Akachukua kalamu. Naandika ukweli kwa sababu hapa hakuna anayenisoma: nilitamani atie saini. Nilihesabu kimoyomoyo kama mwanafunzi anayesubiri taa ibadilike. Kalamu iligusa karatasi, akaandika tarehe. Mkono wangu ulikuwa chini ya meza, nikajaribu kukunja ngumi, vidole viwili vikakataa. Nikamfikiria yule mtoto wa dada yake Karani, ambaye sijamwona hata sura.

"Daktari," nikasema, "huo ni mkono wa mke wangu."

Hakukasirika. Aliweka kalamu, akanipima kama alivyopaswa. Vibanio, vifungo, kisha ule usukani wa majaribio unaorudi wenyewe kwa nguvu ukiuachia. Mara tatu ulinirudia. Ameandika kwamba naweza kufundisha alama za barabarani darasani, si ndani ya gari, na nirudi baada ya miezi sita. Shemeji ataweka mwalimu mwingine kwenye gari langu. Nitampigia kesho.

Nilipotoka, mke wangu alisimama. Alinisoma usoni, hakuuliza kuhusu cheti. Tulishuka ngazi. Alifungua mwavuli, akaninyooshea niingie, tukatembea mpaka geti.

"Uliwaambia?" akauliza.

"Nimewaambia ni yako."

Tukavuka barabara. Nikadhani analia, na mimi nilikuwa karibu. Nilikuwa natafuta namna ya kusema kwamba darasani si pabaya, kuna kiti na kivuli.

"Walisemaje?" akasema. "Kuhusu mshono."

Nikamgeukia. Alikuwa anatazama mbele, ameshika mwavuli kwa mikono miwili.

"Daktari alisema ni mkono imara kuliko wake. Akamwita muuguzi aje aone."

"Alimwita?"

"Alimwita. Wakazipeleka picha dirishani."

"Ya mbele au ya nyuma?"

"Zote mbili."

Tukafika kwenye duka la kona, pale penye fundi wa vifungo. Hapo akapunguza mwendo. "Hebu rudia," akasema. "Alisema mkono gani?"

Nikarudia. Mpaka tunafungua mlango wa nyumbani nilikuwa nimerudia mara nne, na mara zote alinisikiliza mpaka mwisho.